Gesi ya AC kwenye Gari la Zamani: Soma Kabla Fundi Hajafungua Mtungi

Malalamiko tunayopokea kutoka kwa wenye magari ya zamani yanafanana. AC iliacha kupooza, gari likapelekwa gereji, likajazwa gesi kwa bei ya chini, baridi ikarudi kwa muda, kisha kompresa ikakwama. Wengine wanasema gari linanuka kama jiko la gesi. Hao ndio wanaotutia hofu, na kijitabu hiki kimeandikwa kwanza kwa ajili yao.

ONYO LA KWANZA

Usikubali AC ya gari lako ijazwe gesi ya kupikia. Tunajua baadhi ya mafundi watakucheka, kwa sababu gesi hiyo inapooza kweli, tena vizuri. Ubaya wake hauko kwenye baridi. Nyuma ya dashibodi kuna evapureta, na hewa inayokupuliza usoni hupita hapo. Ikitoboka, gesi inaingia walipo abiria, vioo vikiwa vimefungwa. Propani iliyomo kwenye gesi hiyo ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, cheche ya swichi au kiberiti inatosha kuiwasha. Kondensa nayo iko mbele ya rejeta, mahali pa kwanza kubondeka gari likigonga.

Fundi atakuambia friji mpya za nyumbani zinatumia gesi inayowaka. Ni kweli, nyingi zinatumia R-600a. Lakini friji ina gramu chache tu, ilibuniwa hivyo tangu kiwandani, na haigongwi na daladala.

GARI LAKO LINA GESI GANI?

Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990, kama Peugeot 504 au Land Cruiser za zamani, yalitoka kiwandani na R-12. Kati ya 1992 na 1995 watengenezaji wengi walihamia R-134a, kwa hiyo gari la miaka hiyo usilihukumu kwa kadi yake. Fungua boneti utafute kibandiko kinachotaja aina na uzito wa gesi. Kisha tazama vichwa vya kujazia. Vya R-12 vina nyuzi, geji inafungwa kwa kuzungusha. Vya R-134a havina nyuzi kwa nje, geji inabanwa kwa kusukuma, na kichwa cha presha kubwa ni kinene kuliko cha presha ndogo.

Hata hivyo, gari lililopitia mikono mingi huficha mambo. Mtu anaweza kufunga adapta ya R-134a juu ya mfumo wa R-12 bila kubadilisha kitu kingine chochote. Geji haitakuokoa: kwenye joto la nyuzi 25, gari likiwa limezimwa, presha za gesi hizo mbili zinakaribiana mno. Kinachotoa jibu la hakika ni kifaa cha kutambua gesi. Kisipokuwepo, gesi hiyo ihesabiwe kuwa haijulikani, ivutwe kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi wa peke yake. Isiachiwe hewani, na isiongezewe nyingine juu yake.

R-12 ina klorini inayomong'onyoa tabaka la ozoni. Gesi za aina yake ndizo zilizosababisha Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo 1993, na kufikia 2010 nchi zinazoendelea zilitakiwa kuwa zimeacha matumizi ya gesi hizo. Anayekuuzia leo R-12 “mpya kabisa” aulizwe aliitoa wapi. R-134a haina klorini, ila kilo moja yake inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi katika miaka 100. Nayo isiachiwe hewani.

Mitungi bandia ipo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa R-134a ya kughushi yalilipuka Vietnam na Brazil, na watu wakafa. Ndani ya mitungi ile mlikuwa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa.

KUBADILISHA

Mfumo wa R-12 unapobadilishwa utumie R-134a, hapo ndipo ujanja unapofanyika. Mafuta ya madini yaliyomo kwenye mfumo wa R-12 hayachanganyiki na R-134a, hivyo hayarudi kwenye kompresa, nayo inajisaga hadi ikwame. Fundi lazima amwage mafuta ya zamani na kuweka ya esta. Lazima abadilishe draya, kwa sababu chembe za kunyonya unyevu za draya ya zamani haziivumilii gesi mpya. Oringi za viungo alivyofungua ziwe mpya. Vakyumu ivutwe nusu saa au zaidi, ndipo gesi ijazwe kwa uzito, takriban asilimia 80 hadi 90 ya kiasi cha R-12 kilichoandikwa kwenye kibandiko. Mwisho abandike kibandiko kipya. Asiyegusa mafuta wala draya hajabadilisha chochote. Amekujazia gesi tu.

Tegemea baridi kupungua kidogo, hasa kwenye foleni za Dar es Salaam mwezi Februari.

Mwongozo huu ni wa magari madogo. Mabasi na malori ya baridi yana utaratibu wake.

 

Turudie: gesi ya kupikia ni ya jikoni. Kabla ya kujaziwa, omba kuona mtungi na maandishi yake. Fundi akikataa kukuonyesha, chukua ufunguo wako uondoke.