Askari wa Mwili Wanapopigana Bila Adui

Ukijikata mguu kwa jembe, baada ya siku chache kidonda huvimba na kuwa na joto. Pengine hutoa usaha. Hiyo ni kazi ya chembechembe nyeupe za damu. Hizo ndizo askari wa mwili. Vijidudu vikiingia, askari hutoka katika mishipa ya damu na kwenda kupigana navyo. Usaha ule, sehemu kubwa ni askari waliokufa vitani.

Lakini uko ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Katika ugonjwa huu askari hukusanyika ndani ya ngozi, na adui hayupo! Ni kama sungusungu wanaosikia yowe la mwizi usiku, wakamvamia mwanakijiji mwenzao. Tena huitana, wengine wakazidi kuja. Ngozi nayo huhangaika. Kwa kawaida ngozi mpya huchukua kama mwezi mmoja kupanda kutoka chini hadi juu. Kwa mgonjwa huyu huchukua siku 3 hadi 5 tu. Basi hurundikana, ikawa mabaka manene yenye magamba meupe, hasa viwikoni, magotini na kichwani.

Je, soriasisi huambukiza? La. Hakuna kijidudu cha kuhamia kwa jirani. Kula naye sahani moja, mpe mtoto ambebe. Huweza kufuata ukoo, lakini kurithi si kuambukizwa. Wako watu wanatengwa bure, eti wana ukoma. Baka la ukoma mara nyingi halisikii ukiligusa. La soriasisi husikia, tena huwasha. Hata hivyo, wa kupima ni mganga wa zahanati, si majirani.

Dawa ya kuumaliza kabisa bado haijapatikana. Ziko dawa za kupaka, na nyingine za hospitali, za kuwatuliza askari hao. Hapa pana hatari moja. Wengine hununua vidonge vya prednisoloni dukani. Ngozi hutakata upesi, mtu akafurahi. Akiacha ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa ukali: mwili mzima ukawa mwekundu, au ukajaa vipele vya usaha. Usaha huo hauna vijidudu, ni askari watupu, kwa hiyo sindano ya kuua vijidudu haiuondoi. Mtu wa namna hiyo, hasa akiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.