Wanawake Wawili Wenye Hekima

Neno falsafa asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni kupenda hekima. Wengi walisikiapo hudhani kwamba wanafalsafa wote walikuwa wazee wa Uyunani wenye ndevu. Sivyo. Katika mji wa Singida uko uwanja wa mpira uitwao Liti, na jina hilo ni la mwanamke.

Liti Kidanka aliwaongoza Wanyaturu kuwapinga Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, mwanzoni mwa karne ya 20. Husimuliwa ya kuwa aliwatuma nyuki juu ya askari, nao wakatawanyika. Wako wasemao kwamba ulikuwa uganga tu. Lakini Singida ni nchi ya mizinga na asali tangu zamani, na kila mrina asali ajua kwamba nyuki hawaamrishwi ovyo. Wana saa yao ya utulivu na saa yao ya ghadhabu. Aliyewaza kuwafanya jeshi alikuwa ametazama sana na kufikiri sana.

Sikitiko ni kwamba fikira zake hatunazo. Alishauriana na nani? Aliona haki ya mtawala ni nini? Tendo lake lasimuliwa, bali maneno yake hayakuandikwa.

Yako ya mwanamke mwingine yaliyoandikwa, naye ni wa pwani, wa kisiwa cha Pate. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyepigana na Sultani Said wa Unguja. Bwana Mataka alikufa mwaka 1856. Hata mwaka 1858 Mwana Kupona, hali ni mgonjwa, akamwita binti yake Hashima, msichana wa miaka kama 17, akamwambia alete wino na karatasi. Ndipo akamwusia kwa utenzi wa beti 102: juu ya dini, adabu ya ulimi, kukaa na mume, na kuwasaidia wahitaji.

Si kila neno la wosia huo hukubaliwa leo. Amwagiza mke amtii mumewe kiasi cha kuwaudhi wasomaji wengi. Na wengine huona kwamba nyuma ya utii huo yuko mwanamke ajuaye nguvu zake. Wabishane wapendavyo, maana maneno yenyewe yapo.

Mwana Kupona alifariki karibu na mwaka 1860. Hashima aliishi mpaka mwaka 1933, na mwaka uliofuata utenzi wa mama yake ukapigwa chapa kuwa kitabu huko Uingereza.

MASWALI
1. Kwa nini yasemwa kwamba nyuki hawaamrishwi ovyo?
2. Twajua nini juu ya Mwana Kupona tusilolijua juu ya Liti?
3. Mwulize bibi yako shauri moja alilolitoa nyumbani au kijijini likafuatwa. Liandike kwa maneno yake mwenyewe.