SOMO: KISIMA CHAKO NA CHOO CHA JIRANI



Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, kama nyingi tunazouziana hapa Kimumu. Futi 50 ni kama mita 15 tu. Choo cha shimo nacho kinatakiwa kiwe angalau mita 15 kutoka kwa kisima. Mita 30 ni bora zaidi. Basi unaweka kisima mbele na choo nyuma, unaona umemaliza. Lakini je, jirani wa nyuma au wa kando amechimba wapi? Maji ya chini ya ardhi hayajui ua.

Tusidhani ni maneno tu. Kule Langas, hapa hapa Eldoret, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2007 ulipima maji ya visima vifupi. Yalikutwa na viini vya kinyesi, na visima vingi vilikuwa karibu mno na vyoo. Hivyo ndivyo homa ya matumbo, kuhara na kipindupindu huingia nyumbani. Wanaoumia kwanza ni watoto wadogo.

Tunaye wa kutusaidia: bwana afya. Tangu mwaka wa 2013 yeye yuko chini ya serikali ya kaunti. Wengi humjua kwa kukagua hoteli na bucha, wakimwona wanajificha. Lakini pia huonyesha mahali pa kuchimba choo na husaidia maji ya kisima yapimwe. Choo kikifurika na mwenyewe akikataa kusikia, sheria ya afya, Sura ya 242, inamruhusu kumpa ilani.

Kikundi kifanye hivi:

1. Choreni ramani ya ploti zote jirani. Onyesheni visima, vyoo na mteremko.
2. Pimeni kwa kamba ya mita 15, hata ikivuka ua.
3. Mwiteni bwana afya kabla ya kuchimba, si baadaye. Kisima kikae upande wa juu wa mteremko, choo upande wa chini.
4. Kisima kilicho karibu na choo, maji yake ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kung'aa si usafi.

Maswali ya kujadiliana:

- Ni vyoo vingapi vilivyo karibu na kisima chako?
- Je, majirani wanaweza kuchanga wachimbe kisima kimoja mahali salama, badala ya kila mtu chake?
- Nani atakwenda kwa bwana afya wiki hii?