Kuzipa Ngoma za Kompyuta Mkono wa Mtu

Biti nyingi za kompyuta hujulikana mapema: kila haihati ina nguvu ileile, kila snea inaangukia palepale, na kufikia ubeti wa pili sikio limeshachoka. Maprodyuza wengi hukimbilia kitufe kinachoyumbisha mapigo ovyo ovyo. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu mpiga ngoma mzuri habahatishi. Akichelewa au akipiga kwa ulaini, ana sababu.

Anza na nguvu ya pigo, ambayo kwenye programu hupimwa kuanzia 1 hadi 127. Chukua haihati ya mapigo manane kwa baa. Mkono hushuka na uzito kwenye hesabu, kisha hugusa kwa wepesi katikati. Basi weka pigo la kwanza 100, la pili 68, la tatu 94, la nne 72. Snea kuu iache karibu na 115, na pembeni yake tia vipigo vidogo vya 25 au 35. Vinasikika kwa shida, lakini vizime uone wimbo unavyopwaya. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Kisha muda. Kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, kila robo ya pigo ina milisekunde 150. Ukiichelewesha snea kwa milisekunde 10, hakuna atakayesema umekosea. Wimbo utatulia tu. Ichelewe kiasi hicho hicho karibu kila mara, na kiki ibaki kwenye mstari. Ukitaka mwendo wa kuyumba, kuna swingi, ambayo Roger Linn aliiweka kwenye mashine yake ya ngoma, LM-1, mwaka 1980. Asilimia 50 ni mapigo yaliyonyooka kabisa. Jaribu kati ya 54 na 60. Prodyuza J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi: mara nyingi hakuyanyoosha mapigo aliyoyagonga kwa vidole kwenye mashine ya MPC3000, na mashine yake hiyo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Kumbuka pia kwamba mpigaji ana mikono miwili. Akizungusha tomu, haihati ya mkononi lazima inyamaze. Ukiiacha iendelee, msikilizaji atahisi uongo hata kama hajawahi kushika fimbo.

Si kila muziki unahitaji haya. Singeli ya Dar es Salaam, inayokimbia kupita mapigo 200 kwa dakika, utamu wake umo katika ukali wa mashine, usiilainishe.

Ukimaliza, zima skrini, cheza wimbo mzima, na usikilize bila kutazama mistari. Badiliko usilolisikia, lifute.