Sheria na Gunia la Viazi

Uyole ni mahali pa makutano ya njia, upande wa mashariki wa mji wa Mbeya. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kwenda Tunduma, na barabara nyingine huachana nayo, ikapanda milimani kuelekea Tukuyu na mpaka wa Malawi. Viazi vya milima ya Uporoto hushuka kwa njia hizo, navyo hupakiwa katika malori na kupelekwa mijini. Mtu akitaka kujua jinsi sheria inavyogeuza mwenendo wa watu, na jinsi inavyoweza kushindwa kuugeuza, na alitazame gunia la viazi.

Liko gunia liitwalo lumbesa. Kwanza hujazwa mpaka mdomoni. Kisha viazi vingine huongezwa juu, navyo hushikwa kwa kamba zilizosukwa kama wavu, hata gunia likawa kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu jambo hili: gunia la mazao lisizidi kilo 100.

Hasara ya lumbesa huonekana kwa hesabu. Kwa mfano, mnunuzi atoa shilingi 70,000 kwa gunia moja. Likiwa na kilo 100, kila kilo imeuzwa kwa shilingi 700. Likiwa na kilo 140, kila kilo imeuzwa kwa shilingi 500 tu. Mkulima aliyeuza magunia 10 ya namna hiyo ametoa bure kilo 400, yaani magunia 4 ya halali. Naye mpagazi apakiaye lori hubeba mgongoni mzigo uzidio nguvu zake.

Basi, kwa nini mkulima hukubali? Si kwa kuwa hajui hesabu. Mnunuzi huja na fedha mkononi mpaka shambani, mahali pasipo mizani. Viazi vikikaa sana huoza. Tena mkulima akikataa, mnunuzi huenda kwa jirani. Atakaye kutenda haki peke yake hupata hasara peke yake. Hapo ndipo ilipo faida ya sheria: huwawezesha watu wote kutenda pamoja jambo ambalo mmoja hawezi. Lakini sheria ikishikwa katika shamba hili na kulegezwa katika shamba lile, faida hiyo hupotea, na mtiifu ndiye aumiaye.

Liko na jambo la pili. Mahali ushuru wa mazao unapotozwa kwa hesabu ya magunia, mnunuzi hupata faida akifanya magunia machache yaliyo makubwa. Hivyo kanuni moja yakataza lumbesa, na kanuni nyingine, pasipo kukusudia, yaifanya ipendeze.

Mambo kama haya yalitokea tangu zamani. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii. Zilizohesabiwa ni nyumba, si watu. Kwa hiyo mahali pengine watu waliacha kujenga nyumba nyingi, wakasongamana wengi chini ya paa moja. Serikali ilikusudia kupata fedha na kuwafanya watu watafute kazi ya mshahara. Kusongamana kule hakukuwa kusudi lake. Walakini watu huutengeneza mwenendo wao kwa kukitazama kile kinachohesabiwa.

Sasa na itazamwe sheria iliyofaulu zaidi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Rwanda ilikuwa imekwisha kufanya hivyo mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Kabla ya hapo mifuko hiyo ilitupwa ovyo, ikaziba mifereji, na ng'ombe wakaila. Baada ya marufuku watu wengi walirudia vikapu, wengine wakachukua mifuko ya nguo na ya karatasi.

Sababu za kufaulu kwake ni hizi. Kwanza, sheria iliwakataza watengenezaji na waingizaji wa mifuko, wala si watumiaji peke yao. Pili, mfuko huonekana kwa macho, bila kuhitaji mizani. Tatu, kilikuwapo kitu kingine cha kutumia badala yake. Nne, wauzaji wote walitakiwa kuacha siku moja, hata asiwepo wa kupoteza wateja kwa ajili ya utii wake. Walakini haikufaulu kabisa. Vifuko vyepesi vya kufungia vyakula viliachwa na sheria, na mahali pengine watu wakaanza kuvitumia kubebea bidhaa.

Kwa mafunzo hayo yaweza kujulikana gunia la viazi linahitaji nini. Mizani na iwe karibu na shamba. Ushuru na utozwe kwa kilo, si kwa gunia. Wakulima nao na wauze pamoja katika chama cha ushirika, ili mnunuzi akikataliwa na mmoja asipate njia kwa mwingine.

Katika Torati ya Musa, Waisraeli walikatazwa kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Yaani udanganyifu wa vipimo ni wa kale, na sheria ya kuukataza ni ya kale vilevile. Sheria njema huifanya njia ya haki iwe nyepesi kwa watu wengi. Lakini askari hawezi kusimama katika kila shamba, na kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya moyo wa kila mtu.

MASWALI

1. Kwa nini mkulima mmoja hawezi kuikomesha lumbesa peke yake?
2. Kodi ya nyumba ya mwaka 1898 na ushuru wa kila gunia zafanana kwa jambo gani?
3. Gunia moja lina kilo 125, nalo limeuzwa kwa shilingi 75,000. Kila kilo imeuzwa kwa shilingi ngapi? Kama lingekuwa na kilo 100 kwa bei hiyo, kila kilo ingeuzwa kwa shilingi ngapi?
4. Taja kanuni moja ya shule yako. Je, wanafunzi huishika kwa kuogopa adhabu, au kwa kuona faida yake?