Mgeni wa Gisenyi na Ziwa Kivu

Swali: Msafiri anayekwenda Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, afanye nini ili asiharibu mazingira wala asiwavunjie heshima wenyeji?

Jibu: Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na mwaka 2019 sheria ikaongeza plastiki nyingine za kutumika mara moja, kama mirija na vikombe. Afadhali kuja na kikapu au mfuko wa kitambaa.

Jambo zito zaidi ni ziwa. Wavuvi wa Kivu hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu ukining'inia katikati na taa zikiwavuta samaki wadogo waitwao sambaza, huku wakipiga kasia kwa nyimbo. Ni jambo zuri mno kulitazama, ila watu wako kazini: ruhusa iombwe kabla ya kupiga picha, na anayetaka kufuatana nao awalipe wavuvi wenyewe. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane. Kung'ang'ania sambaza wabichi wakati huo ni kuwachochea wanaovua kwa siri.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi, na maduka mengi hufungwa. Mgeni anayeshika jembe hupokelewa vizuri.

Pale mpakani na Goma, mji wa Kongo, kamera ibaki mfukoni. Kuanzia 7 Aprili huwa ni wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Sherehe na muziki wa starehe husitishwa, na msafiri anayetafuta burudani achague tarehe nyingine.