Mfupa Unaoyeyuka: Uguza Mgongo, Linda Pumzi

Mgonjwa wa Gorham-Stout wa uti wa mgongo hulalamikia mgongo, lakini mara nyingi kinachotishia uhai wake ni kifua. Ugonjwa huu, ambao Gorham na Stout waliueleza mwaka 1955, ni adimu mno. Mishipa ya limfu huota ndani ya mfupa, mfupa ukayeyuka. Ugonjwa ukishika mbavu au pingili za kifuani, limfu yenye mafuta huweza kuvuja na kuyabana mapafu.

Basi hesabu pumzi. Kila asubuhi, mgonjwa akiwa ametulia, hesabu kwa dakika nzima na uandike kwenye daftari. Idadi ikipanda siku hadi siku, au akianza kutaka mito miwili pale alipolalia mmoja, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Maji ya kifuani yakitolewa, huwa meupe kama tui. Ila ya mgonjwa asiyekula yanaweza yasiwe meupe, kwa hiyo omba yapimwe trigliseridi: zikizidi miligramu 110 kwa desilita, kwa kawaida ni limfu. Huku kwetu pingili iliyolika pamoja na maji kifuani hudhaniwa upesi kuwa TB, na si ajabu, maana TB ndiyo tuliyoizoea. Uliza kama imethibitishwa. Rifampisini, dawa ya TB, hushusha sana kiwango cha sirolimus mwilini, na sirolimus ni mojawapo ya dawa kuu anazopewa mgonjwa huyu.

Chakula nacho ni tiba. Mafuta ya kawaida husafiri kwa limfu, hivyo sahani ya pilau huongeza mvujo. Daktari huweza kuagiza mafuta maalumu ya MCT, yanayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Tafadhali usiyabadilishe kwa nazi: karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo kwa sehemu kubwa hupita kwenye limfu ileile. Mpe samaki mweupe wa kuchemsha, ute wa yai, maharage yasiyoungwa. Mpime uzito kila wiki, kwani limfu inayotolewa huondoka na protini na chembe za kinga.

Kitandani mgeuzeni watu wawili, mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo. Asikandwe wala kunyooshwa mgongo na yeyote. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia mapajani au mkojo ukigoma, ni hospitali siku hiyohiyo.

Anayetumia sirolimus asile balungi, kwa sababu huipandisha dawa hiyo kwenye damu. Na kabla ya sindano ya asidi ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa, apite kwanza kwa daktari wa meno: jino bovu liking'olewa baada ya sindano hiyo, mfupa wa taya unaweza kukataa kupona.